Tyubu namba 7 ina mdudu gani?

SUALI: Assalaam aleikum Bi Maabara. Mie nasoma mambo ya maabara mwaka wa pili, kwetu Chake Chake. Ticha katupa kila mtu tyubu ya bakteria asojulikana, tumtaje jina. Yangu namba 7. Kwenye Gram, ile rangi ya kugawa bakteria (positivu zambarau, negativu pinki), nimeona fimbo za zambarau nikaandika positivu. Sahani ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, imeota koloni kubwa za pinki zenye utelezi. Vipimo vya kemikali: oksidezi negativu, indoli haikutoa pete nyekundu, sitreti imegeuka buluu. Wenzangu wananambia E. coli huyo, andika umalize. Ijumaa nnawasilisha, nisaidie.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Wenzako wana haraka ya kwenda baraza, wewe usiende nao. E. coli kwa kawaida indoli yake hutoa pete nyekundu na sitreti hubaki kijani vilevile, sasa yako vyote viwili vimekwenda kinyume, utamwandikaje?

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni hiyo Gram yako. MacConkey ina chumvi za nyongo na kristo vaileti, gram positivu wengi hawaoti humo, na wako kaota sahani nzima, halafu hiyo pinki maana yake anakula laktozi, sukari ya maziwa. Kwa hiyo hiyo zambarau ni uongo wa slaidi. Nadhani ulipaka nene, au spiriti uliipitisha mbio mbio ukaogopa kuosha rangi yote. Paka nyembamba mpaka ikishakauka uweze kusoma gazeti kwa chini yake, na pembeni ya slaidi hiyohiyo paka stafilokokasi na E. coli unaowajua, wakitoka sawa ndo umuamini wa kati.

Bado una wasiwasi? Tia tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 kwenye slaidi, chota koloni kwa lupu, kile kiwaya chenye kitanzi, koroga kama nusu dakika hivi kisha nyanyua lupu polepole. Ikivutika uzi kama bamia ilopikwa, huyo gram negativu, ukuta wake mwembamba umepasuka DNA imemwagika. Mie jaribio hili nalipenda kuliko yote, halina gharama na halitaki umeme.

Sasa jina. Gram negativu, laktozi ndio, oksidezi hapana, indoli hapana, sitreti ndio: hapo wamebaki hasa Klebsiella na Enterobacter, na ule utelezi unanivuta kwa Klebsiella ila utelezi peke yake si ushahidi. Chukua waya ulonyooka uchome agari laini ya kupima mwendo. Klebsiella kwa kawaida hatembei, ataota kwenye mstari wa waya tu, Enterobacter atatawanyika agari iwe na ukungu. Ukipata na kipimo cha onithini, Klebsiella pneumoniae negativu, mwenzake kwa kawaida positivu.

Na usimcheke mdudu wako, huyu na hiyo rangi ya Gram ni watu wa nyumba moja. Gram, daktari Mdenmark, aliitoa njia yake 1884 Berlin, maabara ya daktari Friedländer, wakitafuta wadudu kwenye mapafu ya waliokufa kwa nimonia, na yule mdudu wa Friedländer ndo leo tunamwita Klebsiella pneumoniae.

Kipimo cha yurea nacho kipande leo leo. Jioni ukiiona bado njano usiimwage, Klebsiella huigeuza pinki taratibu, iache mpaka asubuhi.