Umeongozwa sala ya toba na hujasikia chochote? Soma hapa

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu waliokata shauri kwenye mikutano ya injili hapa Mwanza halihusu jehanamu wala Utatu. Linahusu mwili. "Mtumishi, nilipita mbele, nikaongozwa sala ya toba. Wenzangu walilia, wengine wakaanguka. Mimi sikusikia kitu. Je, nimeokoka kweli?"

Nahudumu kwenye timu ya ufuatiliaji. Kazi yetu huanza mhubiri akishashuka jukwaani na spika zinapakiwa kwenye Fuso. Tunabaki na kadi: jina, mtaa, namba ya simu, na vile visanduku vya kuweka tiki: kuokoka mara ya kwanza, kurudi kundini, kuombewa ugonjwa. Wapo wanaoweka tiki kote, wasije wakakosa. Na wapo ambao majina yao tunakutana nayo mkutano baada ya mkutano pale viwanja vya Furahisha, kila mara kwenye kisanduku cha "mara ya kwanza". Msiwacheke. Hao wanatafuta dalili, dalili haiji, basi wanarudia wakidhani ile sala ya mwanzo haikupokelewa.

Ushauri wangu kwa mtu wa namna hiyo ni kwamba aache kujichunguza kwa muda, aangalie kilichotokea msalabani.

Imani yetu imesimama juu ya jambo lililotendeka nje ya wewe na mimi, kabla hatujazaliwa. Yesu wa Nazareti alisulubiwa Yerusalemu wakati wa Pontio Pilato, liwali wa Kirumi aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Huyu bwana hatajwi kwenye Biblia peke yake. Mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale walipata jiwe huko Kaisaria, mji wa pwani aliokuwa akikaa, likiwa limechongwa jina lake. Nalitaja kwa sababu kila Jumapili tunakiri Imani ya Mitume na kumtamka Pilato, na wengi hatujiulizi liwali mpagani ameingiaje humo. Yupo pale kuweka tarehe. Mitume walitaka ijulikane kwamba wanasimulia jambo lenye mahali na wakati wake, kama vile mtu anavyosema "ilikuwa enzi za Mwalimu".

Kisha wakasema maana yake: alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, siku ya tatu akafufuka. Paulo anapowaandikia Wakorintho hayo katika waraka wa kwanza, sura ya 15, anasema wazi kwamba naye aliyapokea kwa wengine. Wokovu wako unaegemea hapo. Moyo kwenda mbio kwaya inapoimba ni jambo jema, wala simdharau aliyelia. Petro alilia kwa uchungu, na Bwana hakumkemea. Lakini aliyebeba dhambi zako ni Kristo, na alishazibeba. Sauti yako kutetemeka au kutotetemeka hakuongezi kitu pale Golgotha.

Waliovuka Kigongo–Busisi kwa kivuko kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025 watanielewa. Abiria mmoja amelala fofofo, kichwa kwenye begi. Mwenzake ameng'ang'ania chuma, anaomba kila wimbi likigonga. Wote wawili wanafika Busisi dakika ileile, kwa sababu anayevusha ni kivuko. Aliyebaki ng'ambo ni yule aliyekisifia kivuko siku nzima bila kupanda.

Na hilo la kupanda lisipite hivihivi. Yakobo anasema mashetani nao wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Kwa hiyo kukubali tu kwamba habari ni za kweli, hata kutetemeka kwenyewe, hakujamfikisha mtu. Imani inayookoa ni kujikabidhi: Bwana, dhambi zangu ni hizi, sina pa kuzipeleka, nakutegemea wewe. Nilipokuwa darasa la kipaimara tulikaririshwa Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529, na kuna mahali mtu anakiri kwamba kwa akili na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu Kristo, ila Roho Mtakatifu amemwita kwa Injili. Tuliyakariri kama kasuku ili mwinjilisti asituchape. Leo ndiyo maneno ninayowapa watu wanaosema "imani yangu ni ndogo". Hata hiyo ndogo umepewa. Ukiona unataka kumjia Yesu, mwitaji ameshaanza kazi. Naye amesema, "ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe" (Yohana 6:37). Hakuweka sharti la machozi.

Kundi la pili ninalokutana nalo ni la wasubirishaji. "Nikishaacha bia." "Nikishafunga ndoa, maana sasa hivi tunaishi kinyumba tu." "Nikishatoka kwenye hii biashara." Wanaheshimu wokovu kiasi kwamba hawataki kuuingia na viatu vyenye matope. Nawapenda, lakini wameupanga mstari kinyume.

Nikupe mfano wa mama mmoja, muuza dagaa kule Mwaloni. Alikuwa akihudhuria ibada miaka na miaka, anatoa sadaka, kwenye msiba yupo wa kwanza jikoni. Kupita mbele, hapana. Siku moja tumekaa kwenye genge lake tukizungumza habari za Yesu, akanikatiza: "Na hii sado, Mtumishi?" Akaigeuza, lile kopo lake la kupimia dagaa, nikaiona. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, vizuri sana, huwezi kukiona ikiwa imejaa. Kila sado ilimpunja mteja kiganja kizima cha dagaa. Alikuwa anasubiri apate mtaji wa kutosha aache huo mchezo, ndipo aje kwa Yesu akiwa msafi.

Tukafungua Luka 19. Zakayo yuko juu ya mkuyu, mkubwa wa watoza ushuru, tajiri wa fedha za watu. Yesu anamwambia ashuke upesi, leo atashinda nyumbani kwake. Hapo Zakayo bado hajarudisha hata senti. Ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali na kurudisha mara nne inakuja baadaye, Yesu akiwa ameshamkaribia na watu wananung'unika. Yule mama aliisoma mara mbili, akauliza kama kweli ndivyo ilivyopangwa. Akaomba palepale, dagaa mbele yetu na nzi juu yake, kwa maneno yake mwenyewe ya Kisukuma ambayo sikuyafuata yote.

Sado mpya alinunua wiki hiyohiyo. Shida ikawa namna ya kuwarudishia wateja, atawajuaje? Akaamua kutoa nyongeza, na hakutoa kwa mkono wa birika. Mteja wake mmoja alimuuliza kama anajiandaa kugombea udiwani.

Mambo haya si mageni kanda hii. Bibi yangu ni wa Kagera, mtoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Ule moto uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapitia Uganda na kufika Bukoba na Kenya, ulijulikana kwa watu kurudisha majembe waliyoiba, kulipa madeni ya zamani, na kusimama kuungama mbele ya wenzao. Mtu akimaliza ushuhuda, wote wanaitikia *Tukutendereza Yesu*, pambio la Kiganda ambalo hata wasiojua Kiganda wanaliimba mpaka leo. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alilelewa kiroho katika mkondo huo. Bibi hupenda kusema kwamba walokole wa zamani ulikuwa ukiwajua kwa madeni waliyolipa kabla ya kuwajua kwa nyimbo.

Lakini kwenye kuungama hadharani naomba tupunguze mwendo. Dhambi uliyomtendea mtu, nenda kwake. Ile mliyotenda wawili, usiisimulie kwenye maikrofoni huku mwenzako amekaa benchi la nne na mumewe. Nimeshuhudia ushuhuda wa dakika tano ukivunja nyumba ya mtu ambaye hakuulizwa. Mtafute mchungaji au mzee wa kanisa mwenye kifua, mweleze, akushauri nani aambiwe na nini.

Kuhusu mafuta, chumvi na maji yanayouzwa kwa jina la Yesu, sitakaa sana. Kama ulikuja kwa Yesu ukitafuta kazi au mchumba, hukukosea kumwomba. Aliponya wengi, wengine hata hawakurudi kushukuru. Lakini yeye ni Mwokozi kwanza, na anachotuokoa kutoka kwacho ni dhambi na mauti. Neema ikiwekewa bei, ondoka. Huhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Ubatizo nao huwachanganya wengi wiki ya kwanza. Ulibatizwa mtoto kwetu KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), au Katoliki, au Anglikana. Sasa jirani wa kipentekoste anakwambia bila maji mengi bado hujabatizwa. Msimamo wangu wa Kilutheri unajulikana: ahadi ya Mungu uliyopewa utotoni haijachakaa, na unachofanya leo ni kuipokea kwa imani. Ndugu zangu wa kipentekoste wanaisoma Biblia hiyohiyo na kufika pengine, na wengi wao ni watu wa Mungu kabisa. Usikimbizwe na mtu. Kaa na wachungaji, uliza, soma, ndipo uamue. Ambaye hajabatizwa kabisa, huyo asikawie. Yule askari wa gereza la Filipi katika Matendo 16 aliuliza afanye nini apate kuokoka, akajibiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Saa ileile ya usiku akawaosha Paulo na Sila majeraha yao, akabatizwa yeye na watu wake, kisha akawaandalia chakula. Mimi huwa nasimama kwenye yale majeraha. Jioni aliwafungia miguu kwenye mkatale bila kujali wanavuja damu. Usiku ameshika maji na kitambaa. Mwanzoni tunaambiwa alitetemeka kwa hofu; kwamba alifurahi, hilo linakuja mwishoni. Furaha ilikuja, lakini ilikuja baada ya chakula kuwa mezani.

Kama umetoka nyumba ya Kiislamu, na hapa mjini ni wengi, neno langu ni la adabu zaidi kuliko la mafundisho. Waislamu wanamheshimu Isa bin Mariamu kama nabii na Masihi. Hawakubali kwamba alisulubiwa, wala hawamwiti Mwana wa Mungu, kwa hiyo tofauti ni ya kweli na ipo katikati kabisa, msalabani. Hakuna haja ya kuificha, wala ya kuifanya fimbo. Mzee asisikie habari zako mtaani. Nenda mwenyewe, mpe shikamoo yake kama siku zote, kaa chini, mwambie kwa kifupi umemwamini nani. Kama ulikuwa ukichangia futari, endelea kuchangia. Akikufukuza, ondoka bila kujibu, na ukirudi mwezi ujao rudi na sukari. Nimewaona waliopokelewa tena baada ya muda, na nimewaona ambao bado wanasubiri. Siwezi kukuahidi lako litakuwa lipi. Usiwatukane tu. Kumtukana baba yako hakumpendezi Kristo hata kidogo.

Mashaka yatakuja. Mengi huja usiku, au siku umetenda ileile dhambi uliyoitubia. Usikimbilie kuokoka upya. Tubu hilo moja, kwa jina lake, ukaendelee. Yule baba wa mtoto mwenye pepo katika Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa palepale. Sala hiyo inafaa hata kwa mtu aliyeokoka miaka arobaini. Ukitaka kuanza kusoma Biblia, anza na huyohuyo Marko. Ana sura 16 fupi, unaweza kumsoma kabla umeme haujakatika. Usianze na Ufunuo, hata kama jirani anakushawishi kwa michoro ya wanyama wenye pembe.

Halafu tafuta watu. Kanisa kubwa lenye skrini ni zuri Jumapili, lakini hakuna atakayegundua ukipotea. Jumuiya ya mtaani kwenu watagundua. Wanakutana nyumba kwa nyumba, wengine alfajiri kabla ya kazi, watu wanane au kumi na mbili kwenye viti vya plastiki, mtoto analia chumbani na chai inachemka. Watajua ukiumwa, watajua ukifiwa, na kwa kweli watajua pia mambo ambayo ungependa wasiyajue. Vumilia. Siku ya kwanza nenda na Biblia, hata ya kwenye simu, kaa, sikiliza. Wakikuuliza kama una neno, taja jina lako na useme umemwamini Yesu. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba tukimkiri kwa kinywa kuwa ni Bwana na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua, tutaokoka, kwa hiyo utakuwa umeshasema yaliyo makubwa. Mengine watakusaidia, na chai utakunywa.