Muulize Shangazi: Baba alivuta, kaka anavuta, mbona mi sijawahi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi na kaka yangu tumelala chumba kimoja mpaka tumekuwa wakubwa, na marehemu baba alikuwa mtu wa sigara haswa, chai bila sigara kwake sio chai. Kaka saa hii anamaliza pakiti kwa siku, mi hata kuonja sijaonja. Mke wangu anasema kaka hana msimamo. Kweli ni msimamo tu? – Mdogo Mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimamo sawa unao, ila usijipe sifa zote. We hiyo sigara ya kwanza nani alikupa ukaikataa? Wengi wasiovuta hawajawahi kupigana vita yoyote, walipokuwa na miaka 14, 15 hivi washkaji zao walikuwa hawavuti, basi, umri ukapita. Ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ya 2012 ilionyesha karibu 9 kati ya 10 ya watu wazima wanaovuta kila siku walionja ya kwanza wakiwa na miaka 18 au chini ya hapo. Mtu wa miaka 40 akae tu aamue kuanzia leo navuta, we umemwona wapi?

Mi mwenyewe nilivuta miaka 11 (ndio, Shangazi huyu huyu). Ile ya kwanza ilinikohoza mpaka machozi, kichwa kikazunguka, nikatapika nyuma ya choo, na kesho yake nikarudi, kisa yule dada aliyenipa alinikingia njiti kwa viganja vyote viwili upepo usizime nikajiona na mimi mtu. Wauzaji wanalijua hilo zamani. 1929 kule New York, Edward Bernays akifanya kazi ya kampuni ya sigara aliwapanga wanawake wavute hadharani kwenye gwaride la Pasaka, ikaitwa mienge ya uhuru. Unaona hapo tumbaku haijatajwa kabisa!

Baada ya hapo sio hiari tena, ni nikotini. Unavuta, ndani ya sekunde 20 hivi iko kwenye ubongo, masaa kama mawili nusu yake imeshaondoka kwenye damu, arosto inaanza, unamfokea kila mtu, unawasha, unatulia, halafu unasema inanipunguzia stresi, kumbe inazima moto iliouwasha yenyewe. Na miili haifanani, kuna ambao ini lao linaivunja nikotini haraka kwa hiyo wanaitafuta tena mapema, kaka yako anaweza kuwa mmoja wao na wewe sio, japo mmezaliwa tumbo moja.

Siku mmekaa wawili muulize ya kwanza alipewa na nani, wapi. Atakumbuka mpaka shati alilovaa. Akikwambia ameshajaribu kuacha akarudi usimcheke, mi niliacha mara ya nne ndo ikashika. Na huyo mkeo mwambie apunguze kumsema mbele ya watoto.