Guruguru mwenye fizi zilizovimba: anza na joto

Ndugu wa Nkuhungu, umeuliza kuhusu guruguru wako aliyegoma kula siku tano, mwenye fizi nyekundu na utando wa njano: hapo mdomo umeanza kuoza. Wangu aliugua hivyohivyo mwezi wa saba, baridi ya Dodoma ilipombana usiku, tena alikuwa akisugua pua kwenye wavu.

Mahali pake pa kuota joto pafike nyuzi 35 hivi. Akiwa baridi, hata dawa haimsaidii. Zimua iodini ya vidonda kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi, umpanguse fizi kwa pamba. Usaha wa mijusi ni mgumu, usiukwangue. Vidonge vya binadamu, hapana kabisa! Daktari wa mifugo amwone wiki hii, huenda akahitaji sindano. Taya likivimba, mpeleke leo. Nawa mikono kwa sabuni.