Chapa, Rangi na Projekta Kwenye Bafta Moja: Acheni Nafasi ya Mwanga

Ile kazi yangu ya leso, bafta moja yenye rangi, chapa na maneno ya projekta, imeuzwa! Tangu niweke picha yake mtandaoni simu haitulii, vijana wanauliza, "Dada, ulifanyaje?" Nawajibu nyote hapa.

Kwanza mjue ilikotoka. Mwenye jumba moja la sanaa aliniambia mbele ya wenzangu nikaamue kwanza kama mimi ni mchoraji, mchapaji au mtu wa sinema. Maneno yale bado yananiuma. Nilitoka pale nikapita Biashara Street hapa Mombasa, leso zimetundikwa duka baada ya duka, nikasimama kuziangalia. Leso ina pindo la kuizunguka, ina mji, yaani pale katikati, ina jina, yaani ule msemo wake. Vitatu hivyo vinakaa kwenye nguo moja na hakuna mama wa Mombasa anayeiambia leso ichague. Kazi yangu yote ilianzia hapo.

Mji niliupaka kwa akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, kwenye bafta nyeupe. Pindo nikalichonga kwenye lino, kile kipande laini cha kuchongea chapa, korosho kubwa zile za leso za mabibi zetu, nikalichapa kwa wino mweusi wa mafuta huku nikisugua kwa mgongo wa kijiko, maana mashine ya chapa sina. Fuateni mpangilio huo: akriliki kwanza, wino wa mafuta juu yake. Mkiugeuza, akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta, baadaye itabanduka. Na kwa unyevu huu wetu wa pwani wino hukawia kukauka, kwa hivyo msiikunje bafta mapema.

Jina sikulichonga wala sikulipaka. Linatoka kwenye projekta, ndiyo maana linaweza kubadilika mtu akiwa amesimama analisoma.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Projekta haina rangi nyeusi. Inachojua ni kuongeza mwanga tu. Herufi zikiangukia wino mweusi zinamezwa, zikiangukia rangi nyekundu zinakuwa nyekundu. Kwa hivyo mahali pa jina paachwe bafta tupu, na mpaamue kabla hamjashika kisu cha kuchongea. Sehemu za rangi zipakeni vanishi isiyong'aa, la sivyo mwanga utamrudia mtazamaji machoni. Mimi huonyesha baada ya Magharibi, kwa sababu projekta ya bei zetu haishindani na jua la Mombasa.

Msanii William Kentridge wa Johannesburg amechanganya makaa, chapa na filamu kwa miaka mingi na dunia inamheshimu. Kijana wa Kisauni hapa Mombasa aombe ruhusa kwa nani? Chongeni, pakeni, washeni mwanga. Anayetaka mchague moja ana uvivu wa kutazama, na uvivu wake usiwe mzigo wenu.

Jina la kwanza nililorusha lilikuwa HASIDI HANA SABABU. Aliyekusudiwa anajijua.

Mkiuza, andikeni kwenye karatasi ya mauzo kwamba mwanga ni sehemu ya kazi: kitambaa, faili kwenye flashi, na umbali wa kuweka projekta. Mnunuzi wangu alitaka kitambaa peke yake kwa nusu ya bei. Nikakataa. Kesho yake alirudi na pesa kamili, akachukua vyote.