Gugumaji la Kisumu hulishwa kutoka mashambani

Ndugu, umeuliza kama mkazi wa kawaida wa Kisumu anaweza kufanya lolote kuhusu gugumaji, mmea unaoelea na kufunika maji ya ziwa, au kazi hiyo ni ya serikali pekee. Anaweza, tena aanzie mbali na ufuo. Gugu hilo, ambalo limesumbua Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990, hustawishwa na mbolea, udongo na maji taka yanayoletwa na mito kama Nyando, kwa hiyo kuling'oa bila kuzuia chakula chake ni kuteka maji kwa pakacha. Mwenye shamba kando ya mto asilime hadi ukingoni. Aache ukanda wa nyasi na miti ya kienyeji, ambayo mizizi yake hushika udongo mvua kubwa inaponyesha. Na magari, tafadhali, yasioshwe ziwani, maana sabuni na mafuta huingia moja kwa moja walimo samaki tunaowala.