Mtoto anatoka usaha sikioni: usimimine hayo mafuta

Dada wa Mafinga, weka chini hiyo chupa. Umesema mwanao wa miaka minne anatoka usaha sikio la kulia tangu baridi ianze, jirani kakuelekeza mafuta ya moto ya kitunguu saumu, na una matone yaliyobaki kabatini unayotaka kumwekea. Usimwekee chochote.

Usaha ukitiririka hivyo, kuna uwezekano mkubwa ngoma ya sikio imeshatoboka. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, milimita 3 hivi, na kinagusa kidirisha cha koklea, zilipo seli za kusikia. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Ngoma ikiwa nzima, unachomimina kinaishia nje. Ikiwa na tundu, kinafika hadi kwenye kidirisha hicho.

Hapa Uyole mdogo wangu alikuwa na tatizo hilihili. Muuzaji wa duka la dawa hakumsogelea mtoto. Aliuliza tu, "Anatoka usaha?" akatoa chupa ya jentamisini, matone matatu kutwa mara tatu. Jentamisini inaua bakteria kweli, lakini ikifika ndani ni sumu kwa seli za kusikia na za mizani ya mwili. Hakusema neno juu ya hilo. Usaha ukakauka, nyumba nzima ikashukuru, na tuliporudi kumuuliza akasema tuendelee hadi chupa iishe.

Hapo ndipo alipoharibikiwa! Wakati wa usaha, utando wa ndani umevimba na unaizuia dawa kidogo. Sikio likikauka huku tundu bado liko wazi, kizuizi hicho kinapungua na dawa inapita. Mtoto akaanza kutembea ameshika ukuta, anatapika, anasema nyumba inazunguka. Kizunguzungu kilipoa baadaye. Usikivu wa sikio lile haukurudi, na mpaka leo darasani anakaa upande ambao sikio zima linamwelekea mwalimu.

Mtu anayeuza dawa ya sikio bila kuchungulia sikio nina hasira naye mpaka leo. Kile kifaa chenye taa cha kuchungulia ni kidogo, kinaingia mfukoni. Kama hana, aseme "nenda hospitali", basi.

Kwa hiyo shika hili: hakuna dawa wala kimiminika kinachoingia sikioni kabla mtu hajaiona ngoma. Si mafuta, si maziwa ya mama, si mkojo (ndiyo, huku kwetu wapo wanaoshauri hivyo), si maji ya kusafishia vidonda. Kwa sasa kausha tu: sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiweke kinyonye usaha, kitoe, weka kingine hadi kitoke kikavu. Usimwachie kitambaa ndani. Usaha ukizidi wiki mbili hilo ni sikio sugu, na wewe umeshapita hapo. Yapo matone ya siprofloksasini ambayo hayana sumu hiyo kwa koklea, lakini achague aliyeiona ngoma. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja, usingoje kupambazuke.

Uliuliza kwa nini mafua yake yanaishia sikioni. Kuna mrija kutoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, na kwa mtoto ni mfupi tena umelala, kwa hiyo maambukizi yanapanda kirahisi. Na ile sauti yako ya kwaya uliyosema imekauka, ikizidi wiki tatu hivyo, kamwoneshe zoloto (kisanduku cha sauti kooni) daktari wa masikio, pua na koo.

Lakini mtoto kwanza, hospitalini kesho asubuhi. Beba na hiyo chupa ya kabatini wasome jina la dawa, na uwaambie kama alishawekewa hata tone moja.