Jibu: Hawakukosea kutyuni
Ndugu, umeuliza kama wale wapigaji wa sonata ya Corelli, mtunzi wa Italia wa enzi ya Baroki (miaka ya 1600 hadi 1750 hivi), walikosea kutyuni, yaani kulinganisha sauti za vyombo vyao, maana ulipowafuatisha kwenye kinanda chako kila noti ilikuwa nusu toni chini. Hawakukosea. Vikundi vingi vinavyopiga muziki wa Baroki kwa vyombo vya enzi hiyo hutyuni noti ya A kwenye 415 Hz (mitetemo 415 kwa sekunde), na kinanda chako kiko 440. Hiyo 415 ni makubaliano ya siku hizi. Zamani kila mji ulikuwa na kipimo chake, na Roma ya Corelli ilishuka zaidi, karibu 390.

Lakini usiishie kwenye namba, sikiliza upinde, ule ufito wa kupigia fidla! Ule wa zamani umebinuka kwa nje na ncha yake ni nyepesi, hivyo sauti hufifia yenyewe ukielekea nchani. Noti inapumua kama mtu anayeongea. Nyuzi ni za utumbo wa kondoo, na zina mkwaruzo mdogo mwanzoni ambao mimi naupenda mno. Unyevu wa hewa ukibadilika zinahama, ndiyo maana wanatyuni tena katikati ya onyesho.

Kama kinanda chako ni cha umeme, kishushe nusu toni, kisha upige nao tena.